Jiwe Lisilokaa Mstarini

Kwa miaka mingi mama mkwe wangu na mimi tuliishi katika ua mmoja mjini Kakuma bila kusemezana. Hatukuwa na ugomvi. Mimi ni Mbukusu wa upande wa Kitale, na kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama aliyemzaa mke wake, hampi mkono, hali mbele yake, na akikutana naye njiani humpisha na kutazama kando. Kuna namna ya kuliondoa zuio hilo, lakini huhitaji wazee wa pande zote mbili, na wazee wangu hawakuwa na hamu ya kupanda lori hadi Turkana. Kwa hiyo zuio lilibaki. Akitoka nje asubuhi, mimi nilikuwa nimeshaingia ndani. Akiingia, mimi natoka. Mke wangu alikaa katikati yetu, akibeba maneno.

Waturkana, kabila la mke wangu, nao wana heshima zao kwa wakwe, ila si za kukimbiana namna hiyo, na yeye mama mkwe aliliona jambo lile kuwa la kuchekesha. Alikuwa akiuza maziwa na kuni kambini kwa wakimbizi, na Kiswahili chake alikiokota huko huko, kipande kutoka kwa Wakongo, kipande kutoka kwa watu wa Sudan Kusini. Alipenda kusema kwa sauti akijua niko nyuma ya mabati.

"Hii bwana yako iko kazini ama iko chini ya kitanda?"

"Yuko kazini, mama," mke wangu alijibu.

"Kazini, na viatu yake iko hapa?"

Mimi nilifungua ukurasa mwingine. Nilikuwa nimekaa kitandani na kitabu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza pampu za maji, za kambini na za vijijini. Shule niliiacha darasa la saba. Ninachokijua zaidi ya hapo nilikitoa katika vitabu ambavyo wageni waliviacha mikataba yao ilipokwisha, vikauzwa sokoni pamoja na vyandarua na sufuria zao: vitabu vya miamba, vya maji yaliyo chini ya ardhi, vya hesabu. Mwaka 2012 nilikuwa mtu aliyechoka. Watu wapya walikuwa wakiingia kambini kutoka mpakani kupitia Lokichoggio, pampu zilifanya kazi tangu alfajiri bila kupumzika, na chuma kisichopumzika huvunjika. Nilikuwa nikirekebisha moja, nyingine inakatika. Nilirudi nyumbani mikono ikinuka grisi, nakula, nalala.

Ulikuwa mwisho wa mwaka huo mke wangu aliponiletea neno la mama yake, na kwa mara ya kwanza halikuwa mzaha.

Watu walikuwa wanasema Lodwar itakuwa makao makuu ya kaunti mpya. Tangu habari za mafuta zianze, mji ulikuwa umejaa watu wenye miwani ya jua na karatasi za kukunjwa, na kila kipande cha ardhi kilikuwa kimepata mpango wake. Kimojawapo kilikuwa kile kichaka kilichoko kati ya mji na mto Turkwel. Ilisemekana kitafanywa bustani ya mapumziko, yenye viti na vijia, na tingatinga lingekuja kusawazisha.

Kichaka kile kilikuwa na sifa mbaya. Zamani za wakoloni palikuwa na nyumba ya kuwafungia wendawazimu. Waliletwa kutoka kila pembe ya Turkana wakisubiri gari la kuwapeleka Kenya, maana hata leo mtu wa huku akishuka Kitale husema amekwenda Kenya. Wengine gari liliwachukua. Wengine halikuwahi. Waliokufa walizikwa nyuma ya nyumba bila msalaba wala jina, na nyumba yenyewe ikaja kuachwa, ikaanguka. Baada ya hapo watu walianza kusikia mambo. Walisema jua linapokuwa kali kabisa kuna sauti inaomba maji. Walisema kuna mwanamume anamwimbia fahali wake, na ukienda kutazama hakuna mtu wala fahali. Wanawake waliacha kukata kuni pale, waendesha bodaboda waliacha kupita, na matokeo yake ni kwamba miti ilinenepa. Katika mji ambao kila mti huishia kuwa makaa, pale palikuwa na migunga mikubwa, mikoma na kivuli kizito. Ni mbuzi tu walioingia bila kuogopa. Nafikiri waliochagua mahali pa bustani walifuata kivuli, bila kuuliza kilitoka wapi.

Mama wa mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa waliozikwa pale.

Nilizipata habari zake kwa vipande, mke wangu akienda na kurudi kati ya kibanda cha mama yake na mlango wetu. Mama yule alikuwa amefiwa na watoto wawili kwa kufuatana. Baada ya hapo aliacha kuitikia akiitwa. Kisha akaanza kuamka usiku na kufungua maboma ya jirani, akiwaachia mbuzi waende porini. Alipoulizwa alisema wanataka kwenda. Jirani walimpiga, askari wa chifu wakaja wakamchukua, na mumewe akabaki na mtoto wa kike aliyebakia, ambaye ndiye mama mkwe wangu. Mumewe aliwatafuta wale mbuzi mpaka akawapata, wote isipokuwa mmoja. Akakaa na jirani, wakakubali yaishe, mwanamke arudi. Ndipo akamchukua binti yake na kibuyu cha maziwa, wakatembea hadi Lodwar kupeleka habari hiyo. Askari aliyesimama kwenye kizingiti cha ile nyumba aliwaambia hakuna wa kunywa maziwa hayo. Mtoto alipouliza mama yuko wapi, askari aliinua kidevu kuelekea mkoma mmoja uliogawanyika vichwa viwili. Baba yake alimshika mkono, wakageuka, wakarudi.

"Anasema habari haikufika," mke wangu aliniambia. "Mama yake alikufa akidhani mbuzi wa watu walipotea wote. Anataka kwenda kumwambia. Ampe na tumbaku. Kabla ya tingatinga."

"Kwa nini hakwenda siku zote hizi?"

Mke wangu alikwenda akauliza, akarudi. "Anasema siku zote hizi mama yake hakuwa anahamishwa."

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitaja. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na ugonjwa wa vikope. Aliona mwanga, aliona kitu cheupe, aliona umbo la mtu likisogea. Vingine alivipapasa. Asingeweza kulitafuta kaburi mwenyewe.

Nilipokwenda Lodwar kuchukua vipuri, nilimwambia mwendesha bodaboda anipeleke kichakani. Alisimama mbali, mguu mmoja chini.

"Hapo ndani utaingia na miguu yako, mzee. Hii pikipiki ni ya mjini, haina habari na mizimu."

"Nitarudi sasa hivi."

"Wote husema hivyo."

Sikuona mzimu. Niliona kazi. Msingi wa nyumba ulikuwepo bado, na kizingiti cha saruji kilikuwa mahali pake. Nilisimama juu yake nikatazama upande ambao askari angeweza kutazama. Mkoma wenye vichwa viwili haukuwepo, lakini kulikuwa na kisiki cha mkoma kilichoungua, kigumu kama chuma, na nyuma yake kulikuwa na mawe. Udongo wa pale ni wa mto, laini, hauna jiwe hata la kumrushia mbwa. Mawe yale yalikuwa meusi, ya vilimani, na yalilala katika mafungu, kila fungu likiwa limezama kidogo katikati. Mto hauyapangi mawe namna hiyo. Yalibebwa na watu. Nilizunguka chini ya miti yote nikayafuata mafungu hadi yalipokwisha, na yalikuwa mengi kuliko nilivyotegemea.

Lakini lipi? Kidevu huonyesha upande, hakionyeshi mahali. Kutoka kwenye kizingiti kupita kisiki, mafungu matatu yangeweza kuwa ndiyo. Nilikaa pale nikijaribu kupunguza, na sikuweza kupunguza zaidi.

Jambo la pili lilikuwa macho yake. Mawe meusi kivulini asingeyaona hata akiyakanyaga. Nilikuwa na chokaa iliyobaki baada ya kupaka nguzo za tangi, nikaja nayo safari iliyofuata, na ndoo, na brashi. Nilianza na yale mafungu matatu. Yalipokwisha nikatazama mengine, na sikuona sababu ya kuyaacha. Nilipaka yote. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifuata mbuzi wake alisimama nje ya kivuli akanitazama kwa muda mrefu.

"Unawapaka wenyewe wakiwa wamelala?"

"Ndiyo, mama."

"Wakiamka, waambie mimi sikuwa na wewe."

Nyumbani nilimwambia mke wangu nimepata mafungu matatu na nimeweka alama. Alivuka ua. Nikasikia sauti ya mama mkwe ikija juu ya mabati.

"Tatu? Mimi nilizaliwa na mama watatu?"

Tungekwenda wiki ile ile. Hatukwenda. Mvua ilinyesha milimani na laga, yale makorongo makavu, zikajaa, barabara ya Lodwar ikakatika. Zilipokauka, mama mkwe alishikwa na kifua. Alipopata nafuu, uchaguzi ukawa umekaribia na wenye magari hawakutaka kusafiri. Uchaguzi ulipopita, visima viwili vya kambini vilisimama kwa pamoja, na wanawake walikuwa wakinigongea mlango kabla sijanawa uso. Kila nilipopita Lodwar nilikuwa na haraka, nikiwa juu ya gari la mtu mwingine, na kichaka nilikiona kwa mbali tu. Miti ilikuwepo. Sikusikia habari ya tingatinga. Nilijiambia bado.

Mwaka 2013 ulikuwa umefika katikati tulipopata pikapu iliyokuwa ikirudisha mabomba Lodwar. Mama mkwe alikaa mbele na mke wangu kando ya dereva. Mimi, kwa ajili ya lile zuio, nilikaa nyuma juu ya mabomba. Yalikuwa yamepata moto kiasi kwamba nilikalia koti langu. Kioo cha nyuma cha pikapu kilikuwa kimevunjika, na niliyasikia yote yaliyosemwa mbele.

"Mkwe yangu anapenda jua," alimwambia dereva.

"Hakuna nafasi hapa mbele, mama."

"Nafasi iko. Anaogopa mimi nitamkula."

Tulipofika, nilijua kabla sijashuka. Palikuwa na lango la nguzo mbili na ubao uliokuwa bado haujaandikwa kitu. Mathenge, vile vichaka vya miiba, yalikuwa yamefyekwa. Kutoka langoni, kupita chini ya migunga, kulikuwa na kijia kipya kilichofagiliwa vizuri, kikizunguka na kurudi, na pande zote mbili za kijia, jiwe baada ya jiwe, kwa nafasi sawa, yalipangwa mawe meupe.

Kila anayesoma haya na aliyewahi kuingia katika ua wa shule au wa ofisi ya serikali nchini mwetu ameona mawe hayo. Huwezi kuwa na bendera bila mawe meupe kuanzia langoni. Mimi niliyaona tangu darasa la kwanza, na nilipokuwa nimeinama na ndoo yangu jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Tingatinga halikuwa limekuja. Walikuja vibarua na mapanga na majembe, na msimamizi wao, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa amekaa langoni kwenye mtungi uliopinduliwa. Mke wangu aliteremka akamwendea moja kwa moja.

"Mawe haya mmeyatoa wapi?"

"Karibu, mama. Bustani haijafunguliwa."

"Nakuuliza mawe."

"Ya bustani. Tuliyakuta humu ndani, yameshapakwa chokaa. Serikali ilikuwa imeyaleta."

"Serikali ipi ilikuja kukupakia mawe msituni?"

"Mama, serikali ikipaka, sisi hatuulizi. Yalikuwa yametupwa ovyo ovyo, tukayapanga."

"Hayo ni makaburi!"

"Usiseme hivyo kwa sauti." Msimamizi alisimama, akatazama vibarua wake. "Hawa watu walikataa kuingia humu siku nzima. Mambo ya mizimu. Walipoona chokaa ndiyo wakatulia. Walisema kama serikali imepaka, basi hakuna kitu. Sasa wewe unataka kunirudisha nyuma?"

Waliendelea. Mke wangu ana sauti, na yule bwana alikuwa na filimbi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari, mbali na mama mkwe kama inavyotakiwa, nikitafuta namna ya kulisema jambo hili ili mke wangu alibebe.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameshaingia. Alikuwa ameuona weupe. Alifika kwenye jiwe la kwanza la kijia, akaliinamia, akaligusa kwa mkono wote.

"Ejok," alisema. Ndivyo wanavyosalimiana. Akasogea, fimbo ikitafuta. Akagusa la pili. "Ejok." La tatu. "Ejok." Aliendelea hivyo pole pole, akiinama na kuinuka, mkono mmoja kiunoni, akimsalimu kila mmoja, na mstari ulikuwa mrefu sana mbele yake. Katika kiganja alikuwa ameshika kifurushi cha tumbaku.

Nilimtazama. Ingekuwa rahisi. Asingeona tofauti. Angefika mwisho wa mstari, angechagua jiwe, angesema yake, tungepanda gari turudi, na mke wangu, naamini, angenishukuru. Nilikuwa nimechoka na jua na safari na mabomba, na pampu zilikuwa zinanisubiri. Lakini yeye alikuwa na habari moja ya kupeleka, nayo ilikuwa imeshapelekwa mara moja ikafika kwenye kizingiti ikarudi. Sasa ilikuwa inapelekwa kwenye ukingo wa njia.

"Mama," nilisema. "Siyo hapo."

Alisimama. Hakugeuka mara moja.

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Wewe nani?" Alikuwa anajua.

"Mkwe wako."

"Kumbe una mdomo," alisema.

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama fimbo yake. "Mawe ni yenyewe, mama, lakini mahali siyo penyewe. Watu wa bustani wameyahamisha. Waliyaona meupe, wakadhani ni ya kupamba njia."

"Meupe, nani aliweka?"

"Mimi nilipaka chokaa. Ili uyaone."

Aliinama akalisugua jiwe kwa kidole gumba. Sauti ya mke wangu ilikuwa inatoka langoni, ya filimbi pia. Kisha mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika, nikadhani analia, ila alikuwa anacheka, kile kicheko cha kifua kibovu kinachoishia kwenye kikohozi.

"Mkwe, ungeniuliza mimi. Nikiwa msichana tulibeba mawe ya D.O., mkubwa ya serikali, kwa kichwa, tukapaka, tukaweka kwa njia. Jua ikikausha, tunapaka tena. Hii nchi yote, jiwe nyeupe ni ya njia. Hiyo hata mbuzi anajua." Akafuta macho. "Miaka hii yote uko nyuma ya mabati na vitabu, na mimi niko hapa."

Nilisogea karibu naye hatua mbili.

"Mahali unaijua?" aliuliza.

"Napajua, kwa kukisia."

"Basi nipeleke."

Kutoka kwenye kijia hadi kisiki mathenge yalikuwa yamefyekwa bila kung'olewa, na vishina vyake vilisimama kama misumari. Asingeweza kupita peke yake. Nilimpa mkono. Aliushika juu ya kiwiko, kwa nguvu nisiyotegemea, na tukatembea hivyo. Huko kwetu hata leo sijamweleza mtu.

Kisiki kilikuwepo. Kilikuwa kigumu mno kwa panga, na mtu alikuwa ameweka ubao juu yake kukifanya kiti. Kizingiti nacho kilikuwepo. Na nyuma ya kisiki, mahali mawe yalipokuwa yamelala tangu ukoloni, udongo ulikuwa na rangi nyingine, umebonyea, bila jani hata moja. Mabaka matatu. Niliyaonyesha kwa kumzungusha pole pole, kama mtu anavyoonyeshwa vyumba.

"Ni hapa, au hapa, au hapa."

"Wewe unasema gani?"

"Sijui, mama."

"Kweli hujui?"

"Kweli sijui."

Alifikiri. Kisha akajishusha chini, kwanza kwa fimbo, halafu kwa bega langu, akakaa kwenye baka la katikati, miguu imenyooka mbele.

"Basi hapa. Kama si yeye, ni jirani. Jirani atamwita." Akapapasa udongo. "Leta jiwe. Huwezi kuacha mtu bila jiwe."

Nilirudi kwenye kijia. Nilichukua lililokuwa karibu, nikalikumbatia tumboni, na mara filimbi ikalia.

"Mzee! Wewe mzee! Rudisha jiwe ya serikali!"

"Mwache!" mke wangu alipaza sauti. "Ni jiwe la nyanya yangu!"

"Mnaharibu mstari!"

Sikugeuka. Mstari ulikuwa umebaki na pengo, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino. Niliweka jiwe mbele ya miguu ya mama mkwe. Alilitemea mate, kama wanavyobariki, akalipangusa na kiganja, akalisukuma mpaka likakaa anavyotaka. Tumbaku akaigawa. Nusu akaiweka chini ya jiwe. Nusu akaitia shavuni.

"Yote ningempa," alisema, "lakini yeye mwenyewe hakuwa anapenda kutafuna peke yake."

Kisha alisema aliyokuja kusema. Alisema kwa Kiturkana, na Kiturkana changu ni cha pampu na ndoo, lakini habari yenyewe nilikuwa naijua, kwa hiyo nilifuata. Alimwambia mbuzi walipatikana. Alitaja rangi zao, mmoja mmoja, wa jirani huyu na wa jirani yule: wa madoadoa, mwekundu, yule mwenye pembe moja. Nilishangaa kwamba alikuwa bado nao wote kichwani. Alimwambia ni mmoja tu aliyepotea, na baba alimlipa mwenyewe, yakaisha. Alimwambia jirani walisema arudi. Hapo alitafuna tumbaku yake. Kisha akasema neno ambalo mke wangu alinitafsiria baadaye njiani, maana wakati huo alikuwa amefika na kusimama nyuma yetu: kwamba maziwa waliyabeba wakarudi nayo, akayanywa yeye mtoto, kwa sababu njaa ilikuwa kali, na yalikuwa matamu.

Tulimwinua. Msimamizi alikuwa langoni, amekunja mikono. Nilisimama tulipomfikia. Nilimweleza, kwa utulivu, makaburi yanaanzia wapi na yanaishia wapi, na kwamba atakayechimba pale kwa ajili ya choo au nguzo atakuta mifupa. Alisema atawaambia wakubwa. Sijui kama aliwaambia. Tingatinga mpaka leo halijaenda, lakini huku mambo mengi hayaendi, na mengi yanayokwenda hayana sababu inayojulikana.

Kurudi Kakuma, mama mkwe alimwambia dereva mabomba yameshashushwa, hakuna tena cha kukalia nyuma, mkwe wake atakaa mbele. Tulikaa wanne. Magoti yangu yalikuwa kwenye gia. 

Bustani ilifunguliwa kabla mwaka haujaisha. Watu wanakwenda jioni, hasa vijana, na kabla giza halijaingia wameshaondoka. Mimi hupita kila ninapofuata vipuri. Mara ya kwanza nilikuta jiwe limerudishwa kwenye mstari. Walikuwa wamelipaka upya, lakini nililitambua kwa umbo. Nikalibeba nikalirudisha nyuma ya kisiki. Mara ya pili nilikuta limerudishwa tena. Nikalibeba tena. Sina hasira na yeyote anayelirudisha. Ameajiriwa kutunza mstari, na mstari wenye pengo humsumbua, kama ambavyo ungenisumbua mimi. Tumekuwa tukifanya hivyo, yeye na mimi, bila kukutana.

Safari moja mwendesha bodaboda, mwingine kabisa, alinionya nilipomwambia anishushe pale.

"Mzee, hapo pana jiwe linatembea. Wanaliweka kwenye mstari, asubuhi limerudi pale nyuma peke yake. Walinzi wawili wameacha kazi."

"Umeliona wewe?"

"Mimi sijaliona. Lakini aliyeliona namjua."

Nyumbani nilimweleza mama mkwe, maana siku hizi tunakaa naye nje jioni, yeye kwenye mkeka wake, mimi kwenye kiti changu, na bado huwa natazama fimbo yake badala ya uso. Alicheka mpaka mke wangu akaja na maji.

"Kwa hiyo mzimu ni wewe," alisema.

"Inaonekana hivyo."

"Mzimu wa Kitale." Akanywa, akarudisha kikombe. "Na umeliacha wapi?"

"Mahali pake."

"Vizuri." Aligeuza uso upande wa Lodwar, ambako kwa macho yake hapakuwa na kitu. "Utakwenda lini tena?"

Mgongo uliniuma, na mipira ya pampu ilikuwa bado haijakatika. Nilimwambia nitakwenda kufuata mingine ikikatika.